Nimonia kali na majipu kwa watoto wadogo: kwa nini daktari aonyeshwe ngozi pia

Kati ya Juni na Agosti baridi hushuka katika miteremko ya Mlima Meru. Kuanzia Nkoaranga na Poli hadi Makumira, Usa River na Tengeru, asubuhi huwa na ukungu, jiko la kuni huwashwa mapema, na watoto hulala wakibanana na wakubwa ili wapate joto. Ndiyo miezi ambayo kikohozi cha watoto husikika karibu kila nyumba.

Watoto wengi hukohoa wiki moja wakapona. Wachache hupata nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi. Na katika hao wachache wapo ambao nimonia yao haifuati njia ya kawaida: mtoto ameanza dawa, siku ya pili au ya tatu hali inazidi kuwa mbaya, na mwilini ana majipu au vidonda vya usaha ambavyo hakuna aliyevitaja kituoni kwa sababu vilionekana ni jambo jingine kabisa.

Makala haya yanaeleza uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ngozi na mapafu. Tunaeleza dalili za kuangalia, namna ya kuhesabu pumzi kwa kutumia simu yako, matibabu yanayotolewa hospitalini, na mambo ya kufanya nyumbani ili mtoto asifike huko.

Nimonia ni nini

Nimonia ni maambukizi ndani ya mapafu. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima kiafya akivuta pumzi, vifuko hivyo hujaa hewa. Kwa mgonjwa wa nimonia, baadhi ya vifuko hujaa majimaji na usaha, hewa haipati nafasi, na damu hukosa oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana mtoto hupumua harakaharaka: mwili unajaribu kufidia kile kinachokosekana.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka 5 duniani kote mwaka 2019. Hiyo ni sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wao ni watoto wa Afrika na Asia ya Kusini.

Nimonia inaweza kusababishwa na virusi au bakteria. Bakteria wanaosababisha nimonia kali kwa watoto ni hasa hawa watatu:

- Pneumokokasi, ambaye ndiye anayeongoza.
- Hib, jina fupi la Hemofilasi influenza aina b.
- Stafilokokasi, ambaye huonekana mara chache kuliko hao wawili, lakini akishaingia kwenye mapafu hufanya uharibifu mkubwa kwa muda mfupi.

Pneumokokasi na Hib wana chanjo. Stafilokokasi hana chanjo inayotumika mahali popote duniani. Huyu ndiye tunayemzungumzia zaidi leo, kwa sababu ndiye anayeunganisha ngozi na mapafu.

Ngozi na mapafu hukutana wapi

Stafilokokasi huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wengi bila kuwadhuru. Tatizo huanza anapopata mlango wa kuingia ndani. Kwa mtoto mdogo milango hiyo ni mingi:

- Upele unaowasha. Mtoto hujikuna usiku kucha, ngozi huchubuka, kisha vidonda hutunga usaha.
- Majipu, hasa kichwani, makalioni na kwapani.
- Vidonda vya tetekuwanga vilivyokunwa.
- Majeraha ya moto au ya uji wa moto, ambayo hutokea sana jikoni.
- Chale zilizochanjwa kifuani au mgongoni kwa lengo la kutibu kikohozi.
- Kitovu cha mtoto mchanga kisichotunzwa vizuri au kilichopakwa vitu visivyo safi.

Kutoka kwenye kidonda, bakteria anaweza kuingia kwenye damu. Damu yote ya mwili hupita kwenye mapafu, kwa hiyo mapafu ni moja ya sehemu za kwanza anazoweza kutua. Akitua hapo hutengeneza vijipu vidogovidogo ndani ya pafu. Njia ya pili ni kushuka kutoka puani hadi kwenye mapafu, hasa mtoto anapokuwa amedhoofishwa na mafua makali au surua.

Surua inahitaji kutajwa peke yake. Ugonjwa huu wenyewe huleta vipele mwili mzima, na papo hapo hudhoofisha kinga ya mtoto kwa wiki na miezi inayofuata. Nimonia ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto wenye surua. Mzazi akiona vipele vya surua vinaanza kufifia lakini mtoto anaanza kupumua haraka, asiseme ugonjwa unaisha. Ampeleke kituoni.

Tetekuwanga nayo ina hatari yake. Vidonda vyake vinaweza kushambuliwa na stafilokokasi au na bakteria mwingine aitwaye streptokokasi wa kundi A, na wote wawili wanaweza kusababisha nimonia kali. Mtoto wa tetekuwanga ambaye homa yake ilikwisha kisha ikarudi, au ambaye ngozi kuzunguka kidonda imevimba, ina joto na inauma, anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo.

Mfano wa jinsi inavyotokea

Tuchukulie mtoto wa miezi 10. Ana upele kwa wiki 3, na nyuma ya sikio ana jipu lililopasuka lenyewe. Jumatatu anaanza homa na kikohozi. Jumanne mama anampeleka zahanati, anaulizwa mtoto anaumwa nini, anajibu: homa na kikohozi. Mtoto amefunikwa nguo tatu kwa ajili ya baridi, na jipu limefichwa na kofia. Anapewa amoksilini, ambayo ndiyo dawa sahihi kwa nimonia ya kawaida.

Alhamisi mtoto hanyonyi, anaguna kila anapotoa pumzi, na kifua kinabonyea chini ya mbavu. Mama anadhani dawa inahitaji muda zaidi. Bibi anashauri chale.

Hapa hakuna aliyekuwa mzembe. Mama alisema alichoona kuwa ni ugonjwa. Lakini neno moja, "ana jipu pia", lingeweza kubadili mambo mawili: dawa anayopewa mtoto, na muda wa kumpeleka hospitali.

Sababu ni hii. Stafilokokasi wengi hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini na amoksilini kabla hazijafanya kazi. Ni kisa cha zamani. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini akiwa London baada ya kuona ukungu umezuia bakteria kukua kwenye kisahani chake, na bakteria hao walikuwa stafilokokasi. Hata hivyo katika miaka ya 1940, mara tu dawa hiyo ilipoanza kutumika sana, stafilokokasi wanaoishinda walikwisha kuonekana. Leo amoksilini inaendelea kuwaua vizuri pneumokokasi wengi, lakini kwa stafilokokasi daktari huhitaji dawa nyingine, kama tutakavyoeleza.

Hesabu pumzi za mtoto kwa simu yako

Kipimo cha kwanza cha nimonia hakihitaji maabara. Kinahitaji saa na macho. Simu yako, hata ya kitochi, ina saa ya kuhesabu sekunde.

1. Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.
2. Pandisha nguo uone kifua na tumbo. Kama ni usiku, washa tochi.
3. Anza kuhesabu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.
4. Hesabu dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio mmoja.

Mtoto anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- ana umri chini ya miezi 2 na pumzi ni 60 au zaidi kwa dakika (hesabu mara ya pili kuhakikisha);
- ana miezi 2 hadi 11 na pumzi ni 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi 5 na pumzi ni 40 au zaidi.

Hivi ndivyo vipimo vya Shirika la Afya Duniani ambavyo pia wahudumu wetu wa zahanati hutumia. Mtoto mwenye kikohozi anayepumua kwa kasi hiyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama anacheza.

Dalili za hatari: usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, mchana au usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea, haamki vizuri au hakutambui.
- Kifua kinaingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi.
- Anaguna kila anapotoa pumzi, au kichwa kinanesa kwa kila pumzi.
- Pua zinapanuka anapopumua.
- Ulimi, fizi au kucha zimebadilika kuwa za kibluu au kijivu.

Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, mabadiliko ya rangi hayaonekani vizuri usoni. Fungua mdomo utazame ulimi na fizi, kisha angalia kucha na viganja, mahali penye mwanga wa kutosha.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ana sheria yake. Kwake homa peke yake, au mwili kuwa wa baridi isiyo ya kawaida, au kukataa kunyonya, inatosha kumpeleka hospitali. Vipele vya usaha kwenye ngozi yake, au kitovu chekundu kinachotoa usaha, navyo vionwe siku hiyo hiyo.

Mvue mtoto nguo, tazama ngozi yote

Kabla hujatoka nyumbani, au ukiwa kituoni, mtazame mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni. Kagua ndani ya nywele, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, makalioni na sehemu iliyofunikwa na nepi. Kisha mwambie daktari au muuguzi yafuatayo, hata kama hajauliza:

- Ana jipu, kidonda cha usaha au upele? Umeanza lini?
- Amepata surua au tetekuwanga katika wiki za karibuni?
- Ameungua, amechanjwa chale au amekatwa kimeo?
- Ana mahali palipovimba, au anakataa kutumia mkono au mguu mmoja?

Swali la mwisho lina maana kubwa. Stafilokokasi akishakuwa kwenye damu anaweza kutua pia kwenye mfupa, kwenye kiungo au ndani ya msuli. Mtoto aliyekuwa anatembea akakataa kukanyaga, au anayelia ukimgeuza mguu wakati wa kumbadilisha nepi, anaweza kuwa na usaha ndani ambao hauonekani kwa nje.

Kuna vipele vya aina nyingine vya kuogopa: madoadoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa kidole au kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute kwenye viganja, nyayo, ndani ya mdomo na ndani ya kope. Yakiambatana na homa, ni dharura.

Si kila homa ni malaria

Kwa miaka mingi mtoto akichemka mwili, jambo la kwanza lililofikiriwa lilikuwa malaria. Utafiti uliofanywa kwa majirani zetu wa Moshi unatufundisha jambo. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa, watoto na watu wazima, waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo. Wagonjwa 528 kati yao, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Wengi wa waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, yakiwemo maambukizi ya bakteria kwenye damu.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliochunguza damu za watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya walikuta kwamba kati ya watoto waliofariki hospitalini, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa ameingia na bakteria kwenye damu.

Kwa hiyo mtoto apimwe malaria, lakini kipimo kikisema hakuna malaria, kazi haijaisha. Na hata kikisema malaria ipo, mtoto anayepumua haraka bado anaweza kuwa na nimonia pia.

Hospitalini watafanya nini

Mtoto mwenye nimonia isiyo na dalili za hatari mara nyingi hutibiwa nyumbani kwa amoksilini, vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji safi, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 5. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto. Mrudishe kituoni baada ya siku 2 au 3 aangaliwe, au mapema zaidi akizidiwa.

Mtoto mwenye dalili za hatari hulazwa. Atawekewa kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni kwenye damu. Ikiwa chini ya asilimia 90, hupewa oksijeni kwa mirija midogo ya puani. Baadhi ya wazazi huiogopa oksijeni kwa sababu wamewahi kuona mgonjwa aliyewekewa akafariki. Oksijeni haiui. Huwekewa wagonjwa ambao hali yao ni mbaya, na bila hiyo wangekufa wengi zaidi.

Kisha hupewa dawa za sindano. Mara nyingi huanza na ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka daktari amfikirie stafilokokasi anapoona mojawapo ya haya: mtoto anazidiwa haraka licha ya dawa, picha ya eksirei inaonyesha mifuko ya hewa ndani ya pafu au hewa na majimaji nje ya pafu, au mtoto ana vidonda vya usaha kwenye ngozi. Hapo dawa hubadilishwa na kuwa kloksasilini pamoja na jentamaisini.

Matibabu haya ni marefu. Mtoto akipata nafuu baada ya siku 7 au zaidi za sindano, huendelea na kloksasilini ya kunywa mara 4 kwa siku hadi jumla ya wiki 3. Wengi hukwama hapa. Mtoto anacheza, anakula, na mzazi anaona hakuna haja ya kumwamsha usiku ampe dawa. Bakteria aliyebaki kwenye kona ya pafu huutumia mwanya huo kurudi, na safari hii anaweza kurudi akiwa sugu.

Mahali penye maabara, huchukuliwa damu au usaha na kuoteshwa ili bakteria ajulikane pamoja na dawa inayomuua. Majibu huchukua siku kadhaa. Kipimo hiki kina faida kubwa, kwa kuwa baadhi ya stafilokokasi siku hizi wanaishinda hata kloksasilini.

Usaha kifuani na mrija

Nimonia ya stafilokokasi huweza kujaza usaha katika nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dawa peke yake haiwezi kuukausha usaha mwingi. Daktari huingiza mrija kupitia ubavuni ili utoke nje kwenye chupa, na mrija huo unaweza kukaa siku kadhaa.

Tunafahamu inavyoogopesha kumwona mtoto wa mwaka mmoja akiwa na mrija ubavuni. Lakini usaha ukiachwa hulibana pafu lisipanuke, na baadaye huganda ukawa kama gamba linaloweza kuhitaji upasuaji mkubwa. Muulize daktari maswali yako yote, kisha usichelewe kutoa idhini. Mapafu ya watoto yana uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Hata ile mifuko ya hewa inayoonekana kwenye eksirei, kwa kawaida hupotea yenyewe baada ya wiki au miezi.

Wapi pa kwenda

Kwa wakazi wa Makumira na vijiji vya jirani, safari huanzia zahanati ya kijiji au Kituo cha Afya Usa River. Hospitali ya Wilaya ya Meru ipo Tengeru, na Hospitali ya Nkoaranga ya Kanisa la Kilutheri ipo juu mlimani. Kutoka hapo mtoto anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru jijini Arusha, au KCMC Moshi. Pale KCMC pia kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992.

Sera ya afya ya nchi yetu inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto pamoja na dawa zote alizokwisha kunywa, hata za dukani, uzionyeshe.

Njiani mshike mtoto akiwa wima kifuani kwako, amefunikwa mwili lakini uso wazi. Usimfunike kichwa kizima kwa khanga kwa sababu ya upepo wa bodaboda. Kama anaweza kunyonya, aendelee kunyonya. Kama amelegea au ana degedege, usimpe kitu chochote mdomoni.

Mambo yanayotuchelewesha

Tuseme wazi. Chale hazitoi nimonia kifuani. Zinafungua ngozi na kumpa bakteria mlango mpya. Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi ya kooni na kwenye damu. Kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki ni kung'oa meno halisi yanayoota, kwa chombo ambacho huenda kimepita midomo ya watoto wengine. Mafuta ya taa hayapakwi kifuani wala hayanywewi. Yakiingia kwenye mapafu husababisha nimonia ya aina yake.

Hatusemi hivi kuwadharau wazee. Walitumia walichokuwa nacho wakati ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima. Leo kituo kipo karibu zaidi, na kila saa inayopotea kwa chale ni saa ambayo mtoto angekuwa kwenye oksijeni.

Dukani pia tuwe waangalifu. Vidonge vichache vya antibayotiki vilivyobaki kutoka kwa kaka yake mtoto si dozi. Dawa za maji za kutuliza kikohozi haziui bakteria, na baadhi humlaza mtoto kiasi kwamba dalili za hatari hazionekani.

Kinga

*Chanjo.* Tanzania iliingiza kinga ya Hib katika chanjo ya pentavalenti mwaka 2009, na chanjo ya pneumokokasi ilianza kutolewa nchi nzima Januari 2013. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa hiyo fungua kadi uangalie. Faida yake si ya kubahatisha: Kilifi, baada ya chanjo ya pneumokokasi kuanza mwaka 2011, magonjwa makali yaliyosababishwa na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5.

*Maziwa ya mama.* Anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

*Moshi.* Mtoto asibebwe mgongoni wala kulazwa karibu na jiko la kuni. Fungua dirisha la jiko, au tengeneza tundu la kutolea moshi juu ya ukuta.

*Upele.* Utibuni mapema. Watu wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ukimtibu mtoto peke yake, ataupata tena kwa anayelala naye.

*Majipu.* Usikamue. Kukamua kunaweza kusukuma usaha ndani. Weka kitambaa safi cha uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, funika likipasuka, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, na taulo la mtoto lisitumiwe na wengine. Jipu usoni, majipu mengi, au jipu lenye homa ni la hospitali.

*Kucha.* Zikatwe fupi. Kwa mtoto mwenye upele au tetekuwanga hiyo ni dawa pia.

Maswali mnayotuuliza

*Je, nimonia inatokana na baridi?* Baridi peke yake haileti bakteria. Lakini wakati wa baridi tunabanana ndani, tunafunga madirisha na kukaa karibu na moshi, na magonjwa ya njia ya hewa huenea kwa urahisi.

*Mtoto wangu hupata majipu kila mara. Kuna tatizo?* Inawezekana bakteria anaishi puani au kwenye ngozi ya mtu wa nyumbani, au upele haujaisha. Lakini majipu ya kujirudia pamoja na kutoongezeka uzito yachunguzwe hospitali, kikiwemo kipimo cha virusi vya UKIMWI na hali ya lishe.

*Amepona, lakini kikohozi kimebaki.* Kikohozi kidogo kinaweza kuendelea kwa muda. Kikizidi wiki 2, au mtoto akikonda, akitokwa jasho usiku au homa ikirudi, apimwe pia kifua kikuu.

*Vipele vimetokea baada ya kuanza dawa. Niache?* Rudi kituoni siku hiyo hiyo ukaulize. Ukiona malengelenge, vidonda mdomoni na machoni, uso kuvimba au shida ya kupumua, acha dawa hiyo na uende hospitali mara moja.

Ya kukumbuka

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi kwa dakika moja. Kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, nenda sasa hivi. Mvue nguo, na ukiona jipu, upele au kidonda, litaje hilo hata kama umeenda kwa ajili ya kikohozi. Dawa ya wiki 3 inywewe wiki 3.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Kwa ushauri wa afya unaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Na ukimaliza kusoma, msomee jirani mwenye mtoto mdogo ambaye hana simu ya intaneti.